Somo: Kununua fleti katikati ya jiji, kwenye mtaa korofi unaoanza kubadilika

Ndugu zangu, salaam. Mwezi huu watu watatu wameniuliza jambo lilelile. Mtu ameona fleti katikati ya jiji, bei iko chini kuliko mitaa ya jirani, ila mtaa wenyewe una sifa mbaya. Maduka mengine yamefungwa miaka mingi, kuta zimechorwachorwa, usiku kona ina vijana wasioeleweka. Papo hapo ghala la zamani linakarabatiwa, mkahawa umefunguliwa, na dalali anamwambia, "Wahi kabla bei haijapanda." Anunue au asinunue?

Nilikuwa mhazini wa umoja wa wamiliki kwenye jengo la mtaa kama huo kwa miaka sita, kwa hiyo yapo mambo nitakayoeleza kwa kirefu na yapo nitakayoyapitia tu. Msimamo wangu nautoa mapema: wanunuzi wengi wanaupima mtaa na kulisahau jengo. Mtaa ukichelewa kubadilika utakukera. Jengo likiwa bovu na mfuko wake mtupu litakufilisi.

Hatua ya 1: Elewa unachokinunua

Unanunua nafasi iliyo ndani ya kuta zako, pamoja na fungu lako katika paa, ngazi, lifti, mabomba na ardhi. Mfumo huu wa hati ya fleti una sheria zake katika nchi nyingi. Jimbo la New South Wales, Australia, lilitunga yake mwaka 1961 na nchi nyingi zikaiga. Soma hati uone fungu lako ni asilimia ngapi, kwa sababu mara nyingi gharama za pamoja hugawanywa kwa fungu hilo. Uliza pia kama maegesho na stoo vimo kwenye hati au ni maneno ya muuzaji tu.

Hatua ya 2: Utembelee mtaa nyakati nne

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, Ijumaa usiku, Jumapili mchana, na siku mvua inanyesha. Siku ya mvua utaona mitaro inavyoziba na maji yanavyoingia kwenye maegesho ya chini. Usiku simama karibu na kituo cha basi dakika ishirini: je, wanawake wanapita peke yao bila kuharakisha? Taa za barabarani zinawaka, au nguzo tatu mfululizo ni giza?

Tenganisha kero na hatari. Kelele, uchafu na michoro ukutani ni kero. Kuvunjiwa mlango na kuporwa ni hatari. Ukitaka kujua hali halisi, muulize mwenye duka aliyekaa hapo miaka mingi swali moja: "Siku hizi unafunga saa ngapi, na zamani ulikuwa unafunga saa ngapi?" Mtu hafungi duka mapema kwa sababu ya uvumi. Jibu lake naliamini kuliko maelezo yote ya dalali.

Hatua ya 3: Lipia kilichojengwa, usilipie kilichoahidiwa

Treni inakuja, bustani inakuja, chuo kinahamia. Labda. New York, njia ya treni ya chini ya ardhi ya Second Avenue ilipendekezwa rasmi mwaka 1929, na kipande chake cha kwanza kikapokea abiria tarehe 1 Januari 2017. Kwa upande mwingine, katika jiji hilohilo, reli ya mizigo iliyoachwa ilianza kugeuzwa bustani ya juu, High Line, na sehemu ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 2009 majengo ya kifahari yakajaa pembezoni mwake. Vyote viwili hutokea. Basi kama bei ina maana tu pale treni itakapofika, wewe ndiye unayebeba hatari ya treni kutofika. Jiulize: mtaa ukibaki hivihivi miaka kumi, nitaweza kuishi hapa? Kama jibu ni hapana, acha.

Hatua ya 4: Soma vitabu vya jengo

Hapa ndipo ninapoomba mtulie.

Omba mihtasari ya vikao ya miaka mitatu, hesabu za mwaka, salio la mfuko wa akiba, bima ya jengo, ripoti yoyote ya mhandisi, na jumla ya ada za umoja ambazo wamiliki hawajalipa. Mihtasari uisome kwa kufuata jambo moja moja. Niliwahi kusoma ya jengo ambalo paa lilitajwa katika vikao vitano. Kikao cha kwanza, "paa linavuja kidogo upande wa ngazi." Cha pili, "tutafute makadirio." Cha tatu, makadirio yameonekana makubwa, yatafutwe mengine. Cha nne, wajumbe hawakutimia. Cha tano, "paa linavuja, wamiliki wa juu wavumilie." Fleti iliyokuwa inauzwa ilikuwa imepakwa rangi mpya na kunukia vizuri, lakini bili ya paa ilikuwa njiani inamsubiri mwenye fleti yeyote atakayekuwepo.

Piga hesabu. Paa ni milioni 60, wamiliki ni 24 wenye mafungu sawa: kila mmoja milioni 2.5. Sita wakiwa hawalipi kabisa, kazi ikifanyika wanaobaki 18 wanatoa zaidi ya milioni 3.3 kila mmoja, na huku mnaendelea kuwadai wale sita. Ndiyo maana orodha ya madeni ni muhimu kuliko marumaru za jikoni. Hata wakopeshaji wanaijua: Marekani, Fannie Mae, taasisi inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hukataa mikopo ya fleti kwenye jengo ambalo ada za zaidi ya asilimia 15 ya fleti zimechelewa kulipwa kwa siku 60 au zaidi.

Ada ndogo isikufurahishe haraka. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna kinachowekwa akiba. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, mhandisi alionya mwaka 2018 juu ya uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa. Ukarabati ulihitaji mchango maalumu, yaani pesa wanayotozwa wamiliki juu ya ada ya kawaida, wa takriban dola milioni 15, wamiliki wakabishana, muda ukapita. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 sehemu ya jengo ikaporomoka na watu 98 wakafa. Sitaki kumtisha mtu. Majengo mengi hayafiki huko. Lakini ule mvutano wa "tulipe sasa au tungoje" nimekaa nao mezani mimi mwenyewe, na najua kungoja kunavyoshinda kura.

Hatua ya 5: Shuka chini na tochi

Wengi wanakagua fleti. Wewe anza na maegesho ya chini na chumba cha pampu. Mulika nguzo kwa ubavu, si kwa mbele, ili nyufa zitoe kivuli. Ukiona ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye doa la kahawia kama chai iliyokauka, kutu imeanza ndani na inaisukuma zege. Mstari mweupe wa chumvi kwenye dari unaonyesha maji yanapita. Gonga kwa kifundo cha kidole: zege nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyoachana inajibu kama debe tupu. Halafu mlipe mhandisi wako mwenyewe, asiwe wa kuletwa na dalali.

Hatua ya 6: Jumlisha, kisha toa bei

Rejesho la mkopo, ada, bima ya vitu vyako, kodi ya jengo, na akiba yako ya mchango maalumu. Linganisha na kodi ambayo ungelipa kupanga fleti kama hiyo mtaa uleule. Ofa yako iwe na sharti kwamba nyaraka na ukaguzi viridhishe. Usilipe malipo ya awali yasiyorudishwa kabla ya hapo.

Maswali ya wanachama

*Kaka, dalali anasema umoja hautoi mihtasari kwa asiye mmiliki. Nifanyeje?*

Muuzaji ni mmiliki. Aiombe yeye, akupe. Kama fleti anaitaka iuzwe, hilo ni jambo la siku mbili. Akizungukazunguka, chukulia kwamba amekujibu.

*Theluthi mbili ya fleti wanaishi wapangaji. Ni kasoro?*

Peke yake si kasoro. Wapangaji wengi ni majirani wazuri kuliko wenye hati. Tatizo ni wamiliki walio mbali, ambao hawaji vikaoni na hupinga kila ukarabati kwa kuwa paa haliwavujii wao. Tazama mahudhurio kwenye mihtasari. Akidi ikikosekana mara kwa mara, hakuna uamuzi mkubwa utakaopita. Ulizia benki pia, zipo zinazoogopa majengo ya namna hiyo.

*Vipi jengo jipya kabisa kwenye mtaa huohuo? Halina paa bovu.*

Kweli, dada, lakini halina historia pia. Ada ya mwaka wa kwanza hupangwa na mjenzi anayetaka kuuza, na mara nyingi hupanda umoja unaposhika usimamizi. Angalia dhamana ya ujenzi inachukua muda gani na inafunika nini, na kama bado halijakamilika, pesa yako inakaa wapi mpaka ukabidhiwe ufunguo.

*Naona vibaya. Nikinunua, si ndio nawafukuza wakazi wa zamani?*

Swali lako nalipenda, na ni la zamani. Mwanasosholojia Ruth Glass alilipa jambo hili jina la Kiingereza, "gentrification", mwaka 1964, alipoona wenye kipato wakiingia mitaa ya wafanyakazi London na wenyeji wakisukumwa nje. Mnunuzi mmoja hapandishi kodi za mtaa mzima, ila yumo kwenye mkondo. Ninachokuomba: usinunue fleti ambayo mpangaji ametolewa kwa hila ili iuzwe tupu. Uliza nani alikuwa anaishi hapo na aliondokaje. Ukishahamia, nunua kwa yule mwenye duka uliyemuuliza saa za kufunga.

*Nimefanya hatua zote, jengo ni zima, mfuko una pesa, ila usiku mke wangu hajisikii salama kushuka kituoni.*

Basi usinunue, kaka. Paa hutengenezwa kwa mchango, lakini woga wake wa kila jioni hauna mfuko wa kuulipia. Subirini mwaka mmoja, pangeni mtaa wa pili, mwende tena kituoni pamoja.