Lowesha mawe kabla ya chokaa

Kwa wanaokarabati nyumba za mawe za enzi za Mjerumani huku Dodoma: kabla ya kuziba nafasi kati ya mawe kwa chokaa na mchanga (1 kwa 3), kwangua mchanganyiko wa zamani uliolegea hadi sentimita 2 au 3, fagia vumbi, kisha mwagia maji jioni na tena asubuhi. Ukimaliza kuziba, tundika magunia ya katani yaliyoloa na uyaloweshe kila siku kwa wiki nzima. Jiwe kavu hunyonya maji yote, na upepo wetu wa Agosti humalizia. Chokaa hukauka kabla haijashika, nayo hubaki unga. Hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na bila unyevunyevu haiwezi. Maji yakichuruzika ukutani, umezidisha, subiri yanyonywe. Njia hii haifai ukuta unaopanda unyevu kutoka chini: hapo tengeneza kwanza mifereji. Na tafadhali, fundi akikushauri saruji “iwe imara”, mkatalie. Saruji hufungia maji ndani, na jiwe lenyewe ndilo hubanduka.