Namna ya kusoma satiri ya umaskini bila kudanganywa na yule mwenye kusema

Hii naandika kwa ajili ya wadogo zetu wa Bukavu wenye kusoma literere (fasihi), wale wanaokujaga na tepe (kazi ya prof) mkononi wamekasirika: "Yaya, huyu muzungu anasema watoto wa maskini wapikwe waliwe!" Tulia, ni satiri, maandishi yanayochekelea ubaya wa watu ili uonekane. Tutatumia ile teksti fupi ya Jonathan Swift, A Modest Proposal, ya Dublin kule Ireland, mwaka 1729, ukiielewa hiyo zingine zinafuata.

Hatua ya 1. Tafuta teksti yote. Ni kurasa chache, tafsiri ya Kifaransa iko bure. Piga fotokopi, mtaa wa Kadutu hawakosi mashine. Ma-rezime (mafupisho) ya intaneti mimi sitaki hata kuyasikia, yanakupa jibu mbele hujaona swali.

Hatua ya 2. Isome mpaka mwisho, biki chini.

Hatua ya 3. Jua ni nani anasema. Hapa njo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo vumilia. Aliyeandika ni Swift, mkuu wa kanisa kuu la St Patrick, lakini "mimi" wa mule ndani si yeye, na teksti ilitoka bila jina. Yule "mimi" ni mtu wa miradi, mpole sana, mwenye mahesabu, anasema mu-Amerika mmoja alimwambia London kama mtoto wa mwaka mmoja ni chakula kitamu, na anamaliza akiapa kama hana faida hata senti moja, maana mtoto wake wa mwisho ana miaka 9 na bibi yake hazai tena. Swift hakujulikana kuwa na mtoto. Huyo mtu ametungwa.

Sasa chukua biki mbili. Ya bulu piga mstari pahali pale anasema yule mtu wa miradi, nyekundu pahali unasikia hasira ya Swift mwenyewe. Halafu angalia sana, usigeuze kila kitu kichwa chini! Watu wakisikia "ironi", kusema kitu ukimaanisha kingine, wanafikiri kila sentensi maana yake ni kinyume, hapana. Mwanzoni pale anaonyesha wamama wanaombaomba mu barabara na watoto nyuma yao, ile ni kweli tupu. Na kuna pahali sauti mbili zinagongana mu sentensi moja: anasema chakula hicho kitakuwa cha bei, kinafaa wenye mashamba, kwa sababu wameisha kula wazazi wengi, basi wao njo wana haki ya kwanza juu ya watoto. Ile piga bulu na nyekundu pamoja. Tena usibebe hii mbinu vilevile kwa kila mwandishi. Montesquieu, mwandishi Mfaransa, mwaka 1748 anajifanya kutetea utumwa, anasema bila watumwa sukari ingekuwa ghali, hapo kuna ironi. Voltaire, Mfaransa mwingine, mu hadisi yake Candide, 1759, anaweka mtumwa wa Surinam aliyekatwa mkono na mguu, anasema kwa bei hiyo njo munakula sukari kule Ulaya. Yule anasema wazi, ironi yake utaitafuta bure. Na usiniambie ni vigumu: mtu akikuambia "Artikle 15, jipange", ule mchezo wetu wa Kongo wa kusema kila mtu ajitafutie mwenyewe, nani anaenda kuitafuta mu katiba? Unacheka, na unajua ni nani anasemwa.

Hatua ya 4. Fanya hesabu yake kwa mkono. Ireland watu 1,500,000, wamama wenye kuzaa 200,000, toa 30,000 wanaoweza kulea, toa 50,000 wa mimba kuharibika na watoto kufa, wanabaki watoto 120,000, anaweka 20,000 wa mbegu (wa kuzaa wengine), 100,000 sokoni. Kulea shilingi 2, kuuza shilingi 10. Ukifika mwisho utajikuta unaangalia kama hesabu inaanguka sawa, na umeisha sahau ni watoto. Njo alichotaka.

Hatua ya 5. Tafuta orodha anayoikataa. Karibu na mwisho anasema wasimuletee njia zingine: kutoza kodi wenye mashamba wanaoishi mbali, kununua vitu vilivyotengenezwa Ireland, wenye mashamba kuwa na huruma kidogo kwa wapangaji. Zote nyekundu! Ushahidi upo: mwaka 1720 Swift aliisha kuandika kwa nguvu kama wa-Ireland watumie bidhaa zao, na mwenye kuchapa akapelekwa mahakamani.

Hatua ya 6. Historia, mistari miwili inatosha: sheria ya 1699 iliyozuia Ireland kuuza sufu inje, na mavuno mabaya kabla ya 1729.

Hatua ya 7. Andika. Definisyo ya satiri uiache, prof anaijua. Anza na sentensi ya wenye mashamba, weka hesabu, halafu orodha. Mbele ya kupeleka, pitia kaye (daftari) yako ukitafuta jina "Swift" tu, na kila pahali unalikuta uliza: ni yeye kweli, ao ni yule mtu wa miradi? Kama ni yule mwingine, futa, andika "msemaji".