Kabla ya kujenga ukuta wa mpakani: mambo ya kuzingatia wewe na jirani yako

Watu wengi wakifikiria ukuta kati yao na jirani, swali la kwanza huwa ni nani atatoa hela. Nawasihi mlisogeze swali hilo mbele kidogo, kwa sababu lipo linalolitangulia: ukuta utasimama kwenye ardhi ya nani? Ukijengwa wote ndani ya eneo lako, kuanzia msingi hadi tofali la juu, ni wako. Utaulipia, utaukarabati, na jirani hawajibiki kukuchangia hata kama unamkinga na wezi kama unavyokukinga wewe. Ukijengwa juu ya mstari wenyewe wa mpaka, nusu kwake nusu kwako, ni wenu wote wawili. Hapo msipoelewana mapema, siku ukipendeza kila mmoja atasema ni wake, na siku ukipasuka kila mmoja atasema ni wa mwenzake.

Kwa hiyo anza na mpaka. Kama kiwanja kimepimwa, kina bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa na wapimaji, kwenye kona na ramani ya upimaji inayoonyesha umbali kutoka bikoni hadi bikoni. Zitafute kabla hujamwita fundi. Mara nyingi zimefunikwa na kifusi, taka au majani, na nyingine zilishang'olewa na gari lililoleta mchanga miaka ya nyuma. Isiyoonekana usiikisie kwa kamba wala kwa macho. Muite mpima ardhi aliyesajiliwa aifufue kwa vipimo vilivyo kwenye ramani, na jirani awepo akishuhudia. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa plasta. Wala usiisogeze bikoni hata kwa nia njema, kwani kuiharibu au kuihamisha ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi. Na michongoma uliyoikuta usiifanye mpaka. Waliopanda zamani walipanda pale palipokuwa na nafasi.

Maeneo yasiyopimwa yana ugumu wake, na Dar es Salaam sehemu kubwa ya makazi ilikua hivyo, kuanzia Manzese na Tandale hadi Mbagala. Huko karatasi ya mauziano huandika hatua: hatua ishirini kwa kumi na tano, kutoka kwenye mwembe hadi kwa jirani fulani. Mwembe ulishakatwa, jirani yule alishauza, na hatua za mtu mrefu si za mtu mfupi. Ukiwa katika hali hiyo, watafute mashahidi waliosaini mauziano wangali hai, mkae na majirani wa pande zote mbele ya mjumbe wa shina au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mpime kwa futi kamba na muandike kwa mita. Kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, yaani zoezi la kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, ningekushauri usubiri bikoni zisimikwe ndipo ujenge ukuta wa kudumu. Katika zoezi hilo njia huongezwa na kona hunyooshwa, na ukuta wa haraka unaweza kukutwa katikati ya barabara. Kwa muda huo weka senyenge na nguzo za miti, au mabati. Vinahamishika.

Jambo la tatu ni kujua unayezungumza naye ni nani. Nyumba nyingi za hapa mjini zinakaliwa na wapangaji huku mwenyewe akiishi kwingine, au ni za urithi ambao haujagawanywa. Mpangaji anaweza kukukubalia kila kitu kwa upole, na neno lake lisimfunge mwenye nyumba. Penye mirathi, tafuta msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye anayeonekana kuwa msemaji. Mwende nyumbani kwake mwenyewe, jioni ametulia: "Shikamoo mzee, nimekuja tuongee habari ya mpaka wetu kabla sijachimba msingi." Mtu anayeshirikishwa kabla ya kuona mchanga umemwagwa husikiliza tofauti na yule anayeamka akakuta mafundi wamefunga kamba.

Sasa msingi, na hapa naomba msomaji atulie, kwa maana hapa ndipo watu waungwana wanapokoseana bila kukusudia. Ukuta wa tofali la inchi 6 unaonekana mwembamba juu, lakini zege na mawe ya chini huwa futi moja na nusu au mbili kwa upana. Fundi akiweka uso wa tofali sawasawa na mstari wa mpaka, sehemu ya msingi imeshaingia kwa jirani nusu futi au zaidi kidogo. Haionekani, imefukiwa. Itaonekana siku jirani anachimba msingi wake au shimo la maji taka. Kwa hiyo mwambie fundi, na usimame pale aanze mbele ya macho yako, kwamba ukingo wa nje wa msingi ndio usivuke mpaka. Utapoteza ardhi kidogo upande wa pili wa ukuta, nayo iandikwe kuwa ni yako bado. Kama hutaki kuipoteza, ndiyo sababu nzuri ya kukubaliana na jirani mjenge juu ya mstari na kugawana gharama.

Halafu maji. Ukuta mrefu usio na matundu ya kupitishia maji hugeuka bwawa mvua za masika zinapoanza mwezi Machi. Kwenye miteremko kama ya Goba au Kimara, maji ya uani kwako yana njia yake ya zamani, na ukiiziba yataingia sebuleni kwa wa juu au yatausukuma ukuta hadi uanguke kwa wa chini. Ukuta ukimwangukia mtoto wa jirani, hakuna karatasi itakayokupunguzia uzito wa jambo hilo. Tembeeni wote wawili uwanjani mvua inaponyesha, muone maji yanatoka wapi na kuelekea wapi. Ndipo mkubaliane matundu yakae wapi na mfereji utamwagia wapi. Na kuwe na nondo kwenye nguzo na mkanda wa zege.

Sehemu ya mbele ya ukuta, inayokutana na barabara, ina mwenye mamlaka mwingine. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kandokando yake, haigawanywi na majirani kwa maelewano yao. Ukuta uliomo humo huwekewa alama ya X kwamba utabomolewa, na waliokuwa kandokando ya Barabara ya Morogoro pale Kimara mwaka 2017 waliona nyumba nzima zikibomolewa. Nenda ofisi ya halmashauri yako uulize hifadhi inaishia wapi na kibali cha ujenzi kinahitaji nini.

Mkishaelewana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: ukuta ni wa nani au ni wa wote, umesimama umbali gani kutoka bikoni, urefu wake, kila mmoja ametoa kiasi gani, nani atapaka plasta upande upi, na fundi ataruhusiwaje kuingia kwa jirani wakati wa ukarabati. Andikeni pia yale ambayo mtu huona aibu kuyataja: je, mwenzako anaweza kuegemeza chumba cha uani, choo au banda la kuku kwenye ukuta huo? Anaweza kuongeza kozi za tofali au kufunga waya za umeme juu? Mimi ningekataza kuegemeza chochote, kwa sababu ukuta wa uzio haukujengwa kubeba bati la mtu. Sainini mbele ya mashahidi, kila upande ubaki na nakala, na nyingine ibaki serikali ya mtaa. Nyumba ikiuzwa, mpe mnunuzi nakala hiyo pamoja na hati.

Na kama mmeshindwana? Simamisha ujenzi kwanza, hata kama una uhakika. Anzeni kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Wakishindwa, nendeni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa hutoa cheti kinachofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda huko hata bila cheti. Ila usikae kimya ukisubiri jirani aone haya. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mtu akijenga ndani ya eneo lako leo, mwandikie leo, nakala ipelekwe serikali ya mtaa ikagongwe muhuri wa kupokelewa.