Mwandishi Umpendaye Anapobadili Dini: Namna ya Kuipokea Habari Hiyo

Kwetu Ngamiani, hapa Tanga, habari ya namna hii huenea barazani kabla kahawa haijapoa. Mwandishi ambaye vitabu vyake vimepita mikononi mwa watu sita, Waislamu kwa Wakristo, amebadili dini, na kabla mtu hajauliza ni wapi aliposema hivyo, mmoja ameshafurahi na mwingine ameshanuna. Maelekezo haya ni ya msomaji aliyefikwa na hali hiyo, ambaye anataka kuendelea kusoma na pia kuendelea kuketi na wenzake.

Anza kwa kuitafuta kauli ya mwandishi mwenyewe. Picha ya mtu aliyevaa kanzu na kofia mazikoni, au aliyekaa kanisani siku ya harusi ya rafiki yake, haithibitishi lolote, na watu wa mji huu tunalijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa tunazikana na kualikana bila kuulizana dini. Ikiwa mwenyewe hajasema, hakuna habari ya kupokea.

Akishasema, chagua kitenzi, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Kiswahili kina maneno mengi ya tendo hili, na karibu kila moja hutoa hukumu kabla sentensi haijaisha. Ukisema ameritadi, umemtazama ukiwa ndani ya dini aliyoiacha na umekwisha kumhesabia kosa; ukisema ameokoka, umekubali kwamba hapo nyuma alikuwa katika maangamizi; ukisema ameongoka, umekubali kwamba njia aliyokuwa akiifuata haikuwa njia. Kubatizwa ni tendo lenye siku yake na mahali pake, kwa hiyo usilitaje kama hujui kuwa limefanyika. Kusilimu limezoeleka kiasi kwamba hata Wakristo wengi wa pwani hulitumia bila kukwazika, na sioni ubaya wake mtu anapoingia katika Uislamu, ila halina mwenzake wa upande wa pili linalosemwa na wote kwa moyo huohuo mweupe.

Somo hili nililipata kwa aibu. Jioni moja nilitangaza barazani kwamba mwandishi fulani, ambaye tulikuwa tumemsoma pamoja kwa miaka, ameritadi, nikalisema neno hilo kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Rafiki yangu mmoja wa Muheza, Mwanglikana tangu babu yake, akaweka kikombe chini. “Mgosi,” akaniambia, “kwani alikokwenda si ndiko kwetu?” Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo husema “amebadili dini” au “ameingia Ukristo”, maneno makavu kidogo, lakini yanayoweza kusemwa mbele ya kila aliyekaa mkekani.

Usitafute sababu ambayo mwenyewe hakuitoa. Hapa kwetu dhana ya kwanza huwa ni ndoa, na ya pili huwa ni fedha, na zote mbili husemwa kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia. Hata pale ndoa inapohusika kweli, haimalizi maelezo. Graham Greene, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1926 baada ya kumpenda Mkatoliki aliyemwoa mwaka uliofuata, na alianza mafundisho kwa sababu aliona inampasa kuielewa imani ya mchumba wake. Lakini maswali ya dhambi, neema na shaka yalikaa katika riwaya zake kwa miongo mingi baada ya harusi hiyo. Msomaji aliyeishia kusema “alifuata mke” alikosa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa.

Vilevile usimfanye mwandishi kuwa mchezaji aliyetoka African Sports akasajiliwa Coastal Union, ili upande mmoja ushangilie na mwingine uzomee. Furaha ya muumini anapompata mwenzake katika imani ni ya haki, na siiombi ifichwe. Ninachoomba ni kwamba isipelekwe mlangoni kwa jirani. Katiba yetu yenyewe, katika Ibara ya 19, inautambua uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake, wala haitaji kibali cha wasomaji wake.

Huzuni nayo ina nafasi yake, mradi isigeuke matanga. Mshairi T. S. Eliot alibatizwa katika Kanisa la Uingereza mwaka 1927, na mwandishi wa riwaya Virginia Woolf, rafiki yake ambaye hakuwa na imani hiyo, alimwandikia dada yake mwaka uliofuata kwamba tangu siku hiyo Eliot ahesabiwe kuwa amekufa kwao. Maiti huyo aliishi hadi 1965, akaandika baadhi ya mashairi yake makubwa kabisa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na urafiki wake na Woolf mwenyewe haukukatika. Ukihisi msiba, basi, uhisi. Lakini usiandike barua ya tanzia wiki hiyohiyo.

Kazi yenye manufaa kuliko zote huja baada ya wiki chache, moyo ukishatulia. Chukua vitabu vyake vyote ulivyonavyo, uvipange kwa mwaka wa kuchapishwa, uweke alama pale alipobadili dini, kisha usome kimoja cha kabla na kimoja cha baada. Mara nyingi utagundua kwamba swali lililompeleka huko lilikuwapo tangu kitabu cha mwanzo: mhusika asiyelala usiku kwa jambo alilotenda, mzee anayesali bila kuwa na hakika anasikilizwa, kijana anayekimbia msikiti au kanisa la baba yake na bado anahesabu saa kwa sala. Hukuyaona kwa sababu hukuwa ukiyatafuta. Lakini jihadhari na kosa la upande wa pili, la kuviona vitabu vya zamani kama ngazi tu ya kumfikisha alipo sasa. Kitabu cha mwaka fulani kiliandikwa na mtu wa mwaka huo, ambaye hakuijua kesho yake.

Ugumu huzidi pale mwandishi mwenyewe anapovikana vitabu vyake. Tolstoy, mwandishi wa riwaya wa Urusi, baada ya mageuzi yake ya kiroho, aliandika mwaka 1898 kwamba kazi zake za sanaa, isipokuwa hadithi mbili fupi, zilikuwa katika fungu la sanaa mbaya. Gerard Manley Hopkins, mshairi wa Uingereza aliyeingia Ukatoliki mwaka 1866, aliyachoma mashairi yake mwaka 1868 kabla ya kujiunga na Wajesuti, shirika la watawa wa Kikatoliki, na miaka saba baadaye akarudi kutunga. Maoni yangu ni kwamba mwandishi ana haki ya kujuta na msomaji ana haki ya kutojuta pamoja naye. Zile riwaya kubwa za Tolstoy zinasomwa hadi leo, na sidhani kama kuna anayeona haya kuzisoma.

Kuhusu jina, fuata alilochagua unapomtaja mtu, na acha lililo juu ya jalada unapotaja toleo. Kamala Das, aliyezaliwa katika familia ya Kihindu huko Kerala na kuandika kwa Kimalayalam na Kiingereza, alisilimu mwaka 1999 akaitwa Kamala Surayya. Ngũgĩ wa Thiong’o, ambaye yeye aliuacha Ukristo pamoja na jina la ubatizo, anaonekana kwenye matoleo ya kwanza ya riwaya zake za awali kama James Ngugi. Anayeng’ang’ania jina la zamani kwa makusudi huwa haelezi fasihi, anachokoza.

Tena usifunge hesabu mapema. Anne Rice wa Marekani alirudi katika Ukatoliki mwaka 1998, na mwaka 2010 akatangaza kwamba ameuacha Ukristo. Aliyeuza vitabu vyake safari ya kwanza angelazimika kuvinunua tena.

Kuna mpaka mmoja ambao mimi huushika. Mwandishi akianza kuwatukana watu aliowaacha, akiwaita wajinga au najisi katika maandishi yake mapya, hapo mhukumu kwa maneno hayo, kama ungemhukumu mwandishi yeyote mwenye matusi ambaye hakuwahi kubadili chochote. Kinachopimwa ni aliyoyaandika. Mkoa huu una mfano wa zamani wa kusoma kwa namna hiyo: sehemu za kwanza za Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, zilichapwa Msalabani, Magila, kwa mtambo wa wamisionari wa Kianglikana. Na Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, amesomeshwa na walimu wa dini zote bila mwanafunzi kutakiwa kwanza kutamka shahada.

Ukibahatika kukutana na mwandishi, mpe hongera ikiwa unayo ya kweli. Kama huna, msalimie kwa heshima na umuulize kuhusu kazi. Mimi ningemuuliza kama yule mzee wa riwaya ya pili angemalizika vilevile kama angeandikwa leo. Swali la “kwa nini ulihama” ameshaulizwa na jamaa zake, pengine kwa machozi, na hakuandika vitabu ili ajieleze kwako.

Na ikiwa baada ya yote hayo moyo umekataa kabisa, usichane wala usichome nakala zako, hasa zenye aya za vitabu vitakatifu ndani yake. Zipeleke maktaba ya mkoa au mpe mwanafunzi anayezihitaji, bila kumweleza sababu. Rafiki yangu wa Muheza aliniomba zangu siku ileile ya kikombe, nikakataa. Nilikuwa bado sijamaliza kuzisoma upya.