Somo: Kupanga chumba na saluni (sebule) ya mzee, hapa kwetu Goma, Kongo

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Birere, na kosa lililonifundisha somo hili nililifanya nyumbani kwa mama yangu mzazi. Alihama Majengo, kwenye nyumba ya vyumba vitano, akaja kukaa katika chumba na saluni ndani ya parseli (kiwanja) ya dada yangu kule Keshero. Kwa kuwa chini hakukuwa na nafasi, nilimtengenezea kabati refu lililokaribia kugusa dari. Mama ana miaka 78 na kichwa chake kinanifika kifuani. Mwezi wa pili alipanda kigoda achukue blanketi la juu, kigoda kikateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku ile, nikiitwa kupanga nyumba ya mzee, sipimi ukuta kabla sijampima mzee mwenyewe.

Mnaohitaji kuandika, shikeni kalamu. Vifaa ni mita, chaki na siku moja ya subira.

Hatua ya 1: Mpime mwenye nyumba

Mwombe asimame karibu na ukuta, amevaa kandambili zake za kila siku. Mikono ining'inie. Piga chaki mahali ncha za vidole zinapofika, kisha piga nyingine usawa wa bega. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo vitakapokaa vitu vyote vya kila siku. Juu ya bega, mkono wa mzee hauna nguvu ya kushusha kitu kizito; chini ya vidole, lazima ainame, na akiinuka haraka kichwa kinazunguka.

Halafu akae kwenye kiti, nyayo zote mbili zikanyage chini. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kwa wengi utapata sentimita 40 hadi 48. Hicho ndicho kimo cha kitanda chake na cha kiti chake. Ukipima kitanda, pima mtu akiwa amekalia godoro, maana sponji huzama, na kitanda kilichoonekana kizuri dukani kinamzamisha mzee asiweze kuamka peke yake.

Kisha kaa naye siku nzima, uangalie anachoshika tangu asubuhi mpaka usiku. Kwa mama nilihesabu vitu 16 tu: miwani, Biblia, redio, simu, termosi, kopo la dawa, kikombe chake cha bati, na vingine vidogo. Vitu 16, na nilikuwa nimemjengea kabati la vitu mia mbili.

Hatua ya 2: Gawa, usitupe

Watoto wengi wanaanza hapa, na wanaanza vibaya. Wanaingia Jumamosi na magunia, wanasema "Mama, hivi ni vya kutupa." Nawasihi sana, msifanye hivyo. Mtu aliyehama nyumba ya vyumba vitano amekwisha kupoteza vyumba vitatu. Wengine hapa Goma walikwisha kupoteza nyumba nzima chini ya mawe ya moto ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, na kile unachokiita takataka ndicho alichokimbia nacho kichwani.

Fanyeni mafungu matatu: cha kila siku, cha kila wiki, cha kila mwaka. Mzee anataja, wewe unabeba. Cha kila siku kinakaa kati ya mistari ya chaki. Cha kila wiki kinakaa chini kidogo ya mstari wa vidole. Cha kila mwaka kinaingia chini ya kitanda.

Vitenge vinahitaji maelezo yake. Mama ana vitenge vya yadi sita ambavyo havijakatwa tangu baba alipokuwa hai. Vile ni akiba na ni urithi wa wajukuu siku ya kuolewa. Alikuwa anavipanga kimoja juu ya kingine ndani ya valizi (sanduku la safari), na kila alipotaka cha chini alikuwa anabomoa vyote. Nilimtengenezea droo mbili za chini ya kitanda, kina chake sentimita 20, zenye vigurudumu na kamba nene ya kuvutia. Tulikunja vitenge tukavisimamisha kama vitabu, rangi ya kila kimoja ikionekana kwa juu. Sasa anakaa kwenye kiti chake, anavuta kamba, anachagua, bila kuinua chochote. Usisahau kuacha sentimita 10 kati ya sakafu na nguo. Kwenye nyumba zetu unyevu unapanda kutoka chini, na kitenge kikishika ukungu alama haitoki.

Hatua ya 3: Safisha njia

Kutoka kitandani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi chooni, acha upana wa sentimita 80. Kama anatembea na fimbo au anashikwa mkono, acha 90. Njia hii isiwe na waya, kigoda, bidoni (dumu la maji) wala mkeka mdogo. Mkeka anaoupenda ubaki, lakini gundi chini yake vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, hautateleza tena.

Hatua ya 4: Etajeri (rafu) na ukuta unaotikisika

Hapa ndipo tunapotofautiana na watu wa miji mingine. Picha za nyumba nzuri zinazopita kwenye simu zinaonyesha rafu juu ya kitanda, na vyungu vya maua juu ya rafu. Kwetu hapana. Mnakumbuka mwezi wa 5 mwaka 2021: Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, na baada ya hapo ardhi ilitikisika siku baada ya siku, kuta zikapasuka, sahani zikamwagika makabatini. Juu ya kitanda cha mzee asiwekewe kitu chochote kinachoweza kumwangukia, hata saa ya ukutani. Picha tu, na iwe haina kioo.

Kama nyumba ni ya mbao, usifunge etajeri kwenye ubao wa ukuta. Funga kwenye sheveroni, nguzo iliyosimama nyuma ya ubao. Gonga kwa kidole: penye sauti ya tupu hapafai, penye sauti nzito ndipo. Tumia skrubu, si misumari, maana msumari hutoka kidogo kidogo kila ardhi inapotikisika. Mbao za eukaliptasi hupasuka, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skrubu.

Kina cha etajeri kisizidi sentimita 30, ili kitu kisifichwe nyuma ya kingine. Mbele piga kiubao cha kuzuia chenye kimo cha sentimita 3. Ni kazi ya dakika chache, na ndicho kitakachoshika vikombe ardhi ikitikisika. Vizito chini, vyepesi juu. Kabati lolote linalopita kiuno lifungwe ukutani sehemu ya juu kwa vipande viwili vya chuma. Kabati la mama nililikata katikati. Nusu moja sasa iko saluni, juu yake kuna redio.

Hatua ya 5: Maji, chakula, makala (mkaa)

Bidoni la lita 20 likijaa ni kilo 20. Mzee asiliguse. Nunua vibidoni vinne vya lita 5, vijana wavijaze kila asubuhi, vikae juu ya benchi lenye kimo cha goti. Unga na maharage viwe kwenye ndoo ndogo zenye mfuniko wa kubana, kilo 5 kila moja. Panya wa Goma hawaogopi gunia. Makala yabaki nje, chini ya kibaraza, yamefunikwa na shitingi (turubai).

Hatua ya 6: Mwanga na rangi

Watu wanadhani mapambo ni anasa. Kwa mzee, rangi ni macho ya pili. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20, na lenzi yake inageuka njano, kwa hiyo bluu, kijani na nyeusi zinaanza kufanana. Sasa fikiria nyumba yetu: ngazi ya mawe meusi ya volkano, vumbi jeusi, mbao zilizokolea moshi. Mzee anatembea ndani ya rangi moja.

Anza na ngazi ya mlangoni. Piga mstari mweupe wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila kidato. Kazi hii ni ndogo kuliko zote, na kama nyumba ya mzazi wako ina ngazi ya mawe, ifanye leo kabla hujaendelea kusoma.

Ndani, pigilia tripleksi (mbao nyembamba za plaiwudi) juu ya mbao za ukuta, ipake rangi ya maziwa. Chumba kitaonekana kimepanuka na baridi itapungua. Mishikio ya droo iwe nyekundu au njano. Pazia moja la kitenge chenye maua makubwa linatosha, mawili yanabishana. Kitambaa cha meza kiwe cha rangi moja, ili miwani na vidonge vionekane juu yake. Picha za familia zipangwe kwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kwa sababu ndivyo atakavyoziangalia. Taa ndogo ya sola itundikwe kichwani mwa kitanda, aiwashe kabla hajashusha mguu.

Hatua ya 7: Mfuko wa mlangoni

Msumari mmoja karibu na mlango, usawa wa kiuno. Mfuko wenye mkanda wa begani: kadi ya mchaguzi (mpiga kura), karatasi za parseli, dawa za siku saba, miwani ya akiba, tochi, na namba za simu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Viatu vya kufunga chini yake. Siku tano baada ya mlipuko wa 2021, sehemu ya mji iliambiwa ihame, na wazee wengi waliondoka bila vidonge vya presha.

Maswali mliyoniuliza

Dada mmoja wa Ndosho: Fundi, habari ya kazi. Sisi ni wapangaji, na mwenye nyumba hataki hata tundu moja ukutani. Nifanyeje kwa mama mkwe?

Jibu: Nzuri dada. Tengeneza etajeri ya kusimama, isipite kiuno, miguu yake iwe mipana kuliko juu, na rafu ya chini iwe na vibidoni vya maji ili iwe nzito. Halafu peleka kitenge cha zamani kwa fundi cherehani ashone mifuko kumi na miwili, ukitundike nyuma ya mlango kwa kamba inayopita juu ya mlango wenyewe. Soksi, dawa, chanuo, chaja, vyote vinaingia, na hakuna tundu hata moja.

Kaka wa Mabanga: Koko (bibi) yangu analia baridi usiku. Anataka mbabula (jiko la makala) iingie chumbani, anasema makala yakishika vizuri hayana moshi.

Jibu: Hayana moshi, lakini yana hewa inayoua bila harufu, na chumba kidogo kinajaa haraka. Usikubali, hata akikukasirikia. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, uizungushie kitambaa, uiweke miguuni dakika kumi kabla hajalala. Ziba nyufa za mbao upande unaotoka upepo wa usiku, lakini acha tundu la hewa juu karibu na dari. Weka kartoni mbili chini ya godoro, maana baridi nyingi inatoka chini.

Mama wa Lac Vert: Mzee wetu analala kwenye godoro chini. Watu wanasema tukiinua kitanda, mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, hayatamfikia. Ni kweli?

Jibu: Mama, kitanda kiinuliwe kwa ajili ya magoti yake. Kwa mazuku, usitegemee kitanda. Ile hewa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mabondeni, na usiku usio na upepo inapanda. Kama mbuzi au mbwa wamewahi kukutwa wamekufa asubuhi karibu na nyumba yenu, hapo si pa kulala mtu, awe chini au juu. Mhamishieni mzee mahali pa mwinuko kwanza, na muwaulize watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, wanaochunguza volkano, kuhusu kiwanja chenu. Rafu na mapazia yatasubiri.

Dada wa Himbi: Choo chetu kiko mwisho wa parseli. Baba anaona aibu kutumia ndoo usiku mbele ya wajukuu.

Jibu: Aibu yake ni ya haki, tuipe nafasi. Tengeneza kiti cha kawaida chenye mikono, kimo chake cha goti, ubao wa kukalia ukatwe tundu, ndoo yenye mfuniko iingie chini, na juu uje mto wa kukalia. Mchana ni kiti kama viti vingine. Kiweke kwenye kona karibu na kitanda, na pazia linalozunguka kwenye waya. Anayemwaga ndoo awe mtu mmoja aliyemchagua baba mwenyewe, kabla watoto hawajaamka.

Kaka wa Katindo: Mama ana kiti kikubwa cha marehemu baba. Hakikalii, hataki mtu akikalie, na kinakula robo ya chumba. Nikitoe polepole akiwa hospitali?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Akirudi, kitu cha kwanza atakachokitafuta ni hicho. Pima mikono ya kiti. Nina hakika inakaribia kimo cha kiuno chake akiwa amekaa kitandani. Kiegemeze ukutani ubavuni mwa kitanda, upande anaoshukia, ukifunge chini kwa skrubu mbili kisisogee. Akiamka usiku, mkono wake utashika mkono wa kiti kile kabla mguu haujagusa sakafu. Mwambie mama kwanza ndipo ukisogeze, na umwache yeye aonyeshe kigeukie wapi.