Kumlea mtafiti wa kike hospitalini: majina kwanza, data baadaye

Hapa Mbeya nawalea madaktari na wakunga wanaoanza utafiti, wengi wao wanawake. Wanaokwama hawakwamishwi na takwimu. Hukwama kwa kuwa hakuna aliyekaa nao mapema wakapanga.

Hatua ya 1: Swali liwe lake. Muulize kinachomkosesha usingizi wodini. Anayeshika zamu wodi ya wazazi hospitali ya Meta hapa Mbeya atakusimulia mama aliyefikishwa usiku kutoka Chunya akiwa amechelewa. Swali la utafiti limo humo.

Hatua ya 2: Andikeni majina. Hapa msiharakishe. Kabla dodoso la kwanza halijajazwa, chukueni karatasi moja muandike nani atakuwa mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho, na kila mmoja atafanya nini. Yalinikuta mimi: nilikusanya madodoso miezi saba, makala ilipotoka nikajikuta kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Vigezo vya kuitwa mwandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambavyo majarida mengi ya tiba huvifuata, ni vinne, na vyote vitimie: awe na mchango mkubwa kwenye wazo au data, aandike au ahakiki andiko, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika. Kwa hiyo aliyekusanya data mpe na rasimu aiandike. Ukimnyima rasimu umemnyima jina. Wekeni sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya 3: Kalenda. Kama ni mjamzito, litajeni wazi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Maombi ya kibali cha maadili yatumwe kabla, yasomwe akiwa nyumbani. Nafasi yake kwenye ile karatasi isiguswe. Vikao vifanyike saa nane mchana, baada ya raundi. Kwa baridi ya Mbeya mwezi Juni, nani atoke na kichanga jioni?

Hatua ya 4: ORCID, namba ya mtandaoni ya kumtambulisha mtafiti. Ajisajili leo, ni bure. Namba hiyo ya tarakimu 16 haibadiliki hata akiolewa na kubadili jina la ukoo, na makala zake hazitapotea.

Hatua ya 5: Mpeleke jukwaani. Ukialikwa kuwasilisha, tuma jina lake. Siku moja kabla, apitie slaidi zote kwa sauti mbele yako, nawe umuulize maswali magumu. Ukumbini, swali likielekezwa kwako, sema: "Mwenye kazi ni Dokta, atajibu yeye." Kisha nyamaza.