Seva ya Java na sapoti ya venda: panga haya kabla hujafungua tiketi

Wakuu habari za kazi. Kuna lalamiko nalisikia sana kwa watu wa IT hapa Dar, hasa waliopo kwenye saccos, vyuo, hospitali na kampuni za kati: mfumo wetu wa Java unastaki kila mwisho wa mwezi, sapoti tunalipia kwa dola, tukiwaandikia wanatujibu maswali tu hawatatui. Naelewa hasira hiyo. Ila tiketi nyingi (maombi ya msaada) nilizoziona zimeandikwa "system is slow please help" na hakuna kitu kingine ndani, na ukifungua seva yenyewe seting ni zilezile zilizokuja nayo siku ya kwanza. Venda (kampuni inayowauzia sapoti) hata awe mzuri vipi hana pa kuanzia hapo. Kwa hiyo hapa naeleza vitu vya kuweka sawa mapema ili siku tatizo likitokea uwe na cha kumshikisha mkononi.

Kwanza jua una nini na nani anawajibika nacho, maana hapa watu wanachanganya mno. Tomcat (nayo ni seva ya Java kama nyingine nitakazotaja hapa) ni ya Apache, ni ya bure, hakuna kampuni inayoitwa Apache ya kuipigia simu saa nane usiku, ukitaka sapoti unanunua kwa kampuni nyingine. WildFly nayo ya bure, Red Hat wanachouza ni JBoss EAP ambayo imejengwa juu ya hiyo WildFly, sasa usilipie EAP halafu fundi wako akadownload WildFly akaiweka kwenye production (seva ya kazi halisi), hiyo hawaihudumii. WebLogic ipo Oracle tangu walipoinunua kampuni ya BEA mwaka 2008. Mwenye GlassFish ya zamani ajue Oracle walitangaza 2013 kwamba wanaachana na sapoti ya kulipia, ndipo kampuni ya Payara wakachukua pale. Halafu kila venda ana jedwali la vitu anavyovikubali vikae pamoja: verisheni ya seva, verisheni ya JDK (Java yenyewe), OS, databesi na draiva yake. Litafute, ulinganishe na ulichonacho (`java -version` na kwa Tomcat `bin/version.sh` zinakupa karibu kila kitu), mkiwa nje ya jedwali mjue sasa hivi, msisubiri kuambiwa siku ambayo kaunta imejaa watu.

Kwenye verisheni hapohapo, Tomcat 8.5 muda wake uliisha tarehe 31 Machi 2024, haipati tena marekebisho ya usalama, hama. Ila usiruke kwenda 10 kichwakichwa. Tomcat 9 inatumia majina ya pakeji za Java yanayoanza na `javax`, kuanzia 10 ni `jakarta`, kwa hiyo programu ya zamani ukiitupa kwenye folda ya `webapps` ya Tomcat 10 itakuletea ClassNotFoundException na utadhani faili limeharibika. Nenda 9 kwanza, au kwenye 10 tumia folda ya `webapps-javaee` ambayo Tomcat inabadilisha majina yenyewe wakati wa kupakia, ila jaribu kwenye seva ya majaribio kwanza.

Memori. Usipoiambia Java kitu, inajichukulia robo ya RAM kuwa kikomo cha hipu (sehemu ya memori inayoweka data za programu), yaani mashine ya GB 16 mliyoinunua kwa shida inatumia GB 4 na nyingine imekaa tu. Tengeneza faili `bin/setenv.sh` (haliji na Tomcat, unaliandika mwenyewe) uweke:

`CATALINA_OPTS="-Xms8g -Xmx8g -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError -XX:HeapDumpPath=/data/dampu -Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam"`

Usimpe yote 16, Java inatumia memori nyingine nje ya hipu na OS nayo inahitaji kupumua. Hiyo ya timezone watu wanaidharau lakini inaumiza wahasibu vibaya. Seva nyingi za klaudi zinakuja na UTC, saa 3 nyuma yetu, sasa mteja akilipa kwa simu saa nane usiku kuamkia tarehe 1, mfumo unaandika saa tano usiku ya tarehe ya mwisho wa mwezi uliopita, ripoti ya mwezi na ya kampuni ya simu hazikubaliani na mhasibu anakesha anatafuta hela ambayo haijapotea.

Sasa tuje kwenye penyewe, puli ya koneksheni za databesi, yaani koneksheni ambazo programu inaazima na kurudisha. Hapa ndipo naona mifumo mingi inakufa na hapa naomba usome taratibu. Tomcat kwa difolti inaruhusu thredi 200 (kila thredi inashughulikia ombi moja) zihudumie watu kwa wakati mmoja. Puli yake ya databesi kwa difolti ina koneksheni 8. Na muda wa kusubiri koneksheni kwa difolti hauna kikomo. Ni sawa na daladala ya Mbagala kituoni, abiria 200 siti 8, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka kwenye foleni. Siku za kawaida haionekani maana kila ombi linamaliza haraka. Mwisho wa mwezi mtu mmoja anavuta ripoti nzito, mwingine naye, kodi (code) ya programu mahali fulani imesahau kufunga koneksheni, zile 8 zinaisha, wote wanaofuata wanasubiri milele, thredi 200 zinajaa, watumiaji wanaona kiduara kinazunguka. Ukiangalia CPU iko chini kabisa na memori ipo, ndo maana mnasema "seva iko poa ila mfumo umeganda". Kwenye Resource ya databesi ndani ya `context.xml` weka hivi:

`maxTotal="40" maxWaitMillis="10000" validationQuery="SELECT 1" testOnBorrow="true" removeAbandonedOnBorrow="true" removeAbandonedTimeout="300" logAbandoned="true"`

Hiyo `maxWaitMillis` inamfanya mtu apate kosa baada ya sekunde 10 badala ya kuganda, na kosa linaandikwa kwenye logi, una ushahidi. `logAbandoned` ndiyo naipenda kuliko zote, inakuandikia ni darasa gani na mstari gani wa kodi ulichukua koneksheni na haukuirudisha, ukiwa na hiyo huhitaji kubishana na kampuni iliyowaandikia programu, unawatumia mstari. Ila angalia kama una ripoti halali inayochukua zaidi ya dakika 5, ongeza hiyo 300, isije ikakatwa katikati. `SELECT 1` ni ya PostgreSQL na MySQL, Oracle za zamani zinataka `SELECT 1 FROM DUAL`. Na usipandishe `maxTotal` hovyo, PostgreSQL kwa difolti inakubali koneksheni 100 na 3 kati ya hizo ni za superuser (admini wa databesi), seva mbili zenye 60 kila moja tayari umevuka. Wa WildFly na EAP, puli yenu difolti ni 20, badilisheni kwa `jboss-cli.sh`, msihariri `standalone.xml` kwa mkono wakati seva inatembea maana yenyewe inaweza kuandika juu ya mabadiliko yenu.

Ikiganda, kila mtu mkono unakimbilia kurestati, na bosi amesimama nyuma yako. Vumilia nusu dakika. Chukua thredi dampu tatu (orodha ya kila thredi inafanya nini muda huo), ukipishanisha sekunde 10, kwa yuza yuleyule anayeendesha seva, na penye PID weka namba ya prosesi ya Java:

`sudo -u tomcat jcmd PID Thread.print > /data/dampu/t1.txt`

Halafu t2, halafu t3, ndo urestati. Moja peke yake ni picha tu, tatu zinaonesha nani hajasogea. Ukikuta thredi nyingi zimekaa kwenye `borrowObject` zote tatu, ni puli. Zikiwa kwenye `socketRead` basi zinasubiri databesi au mfumo wa nje ujibu. Kwenye WebLogic tafuta BEA-000337 kwenye logi, ni thredi iliyokwama, kwa difolti inahesabiwa baada ya sekunde 600.

Sasa fungua tiketi. Andika verisheni kamili, nini kilibadilika wiki hiyo, ambatisha dampu tatu na logi ya muda huo, na saa andika 10:15 EAT, UTC+3, usiandike saa yetu ya Kiswahili wala "asubuhi", anayesoma yupo bara lingine. EAP wana `jdr.sh` ndani ya `bin`, inakukusanyia vitu vyote kwenye zip moja. Kiwango cha kwanza cha dharura (Severity 1) kitumie production ikiwa imelala kweli, kwa Oracle ukichagua hicho wanataka mtu wenu apatikane saa 24, sasa kama wote mnazima simu na kwenda nyumbani wataishusha.

Kabla ya kutuma, toa password, kwenye `context.xml` zimeandikwa wazi. Na hipu dampu (nakala ya hipu yote, ile inayoandikwa memori ikiisha) usiitume bila kibali cha wakubwa, ndani yake kuna majina ya wateja, namba za simu, salio, kila kilichokuwa kwenye memori. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na inagusa kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mara nyingi thredi dampu na logi zinatosha, venda akiing'ang'ania hipu dampu muulize anatafuta nini, mnaweza kuifungua wenyewe kwa programu ya Eclipse MAT mkamtumia ripoti tu.

Kitu cha mwisho, weka Tomcat kwenye systemd (kitu cha Linux kinachowasha huduma mashine ikiwaka) ijiwashe yenyewe na isubiri databesi iamke kwanza. Umeme ukikatika usiku na UPS ikaisha, mashine inawaka umeme ukirudi lakini Tomcat iliyowashwa kwa mkono haiwaki, utapigiwa simu saa moja asubuhi ukiwa foleni ya Ubungo.